Refa akikatiza pambano, tusimzomee
Na Daktari Wetu

JE, ni haki magazeti kuandika habari za ngumi katika kurasa za michezo, sambamba na kandanda na riadha? Swali hili limezuka upya kwa sababu ya mapigano mseto, yale ambayo watu wawili hufungiwa ndani ya uzio wa waya wakapigana kwa ngumi, mateke, viwiko na mieleka. Mashindano ya UFC, ambayo ndiyo yaliyoyapa umaarufu, yalianza Marekani mwaka wa 1993. Leo vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe huyatazama kwenye simu zao kisha wakayaiga mitaani.

Madaktari wengi wangejibu kwamba si haki. Mnamo 1983, Chama cha Madaktari Duniani kilipendekeza ndondi zipigwe marufuku. Wenzao wa Uingereza wana msimamo huo huo, na mwaka wa 2007 walitaka mapigano mseto nayo yapigwe marufuku. Hoja yao ni nyepesi kuelewa: mchezaji wa kandanda huumia kwa ajali, lakini hapa kumwumiza mwenzako kichwani ni mojawapo ya njia za kupata ushindi.

Hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, sitaki magazeti yanyamaze. Nataka yabadilishe kile yanachokisifu.

KISA CHA WANGILA

Wakenya wengi wanalikumbuka jina la Robert Wangila. Mwaka wa 1988 mjini Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani akanyakua dhahabu ya Olimpiki. Hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyefikia hapo. Baadaye alijiunga na ndondi za kulipwa, na Julai 22, 1994 akapambana na David Gonzales mjini Las Vegas. Refa alikatiza pambano hilo. Wangila alilalamika. Muda si mrefu baadaye alipoteza fahamu, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Msomaji atauliza: mtu anayesimama wima akibishana na refa, vipi azimie muda mfupi baadaye?

Ubongo ni kitu laini kinachoelea katika maji ndani ya fuvu. Ngumi nzito inapokizungusha kichwa ghafla, ubongo huchelewa kidogo kukifuata. Mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na utando wake huvutwa, na pengine ikakatika. Damu huanza kuvuja na kuvilia. Kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, damu ikizidi hukosa pa kwenda na huukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza, kucheka, hata kufika nyumbani na kula chakula chake, kisha saa kadhaa baadaye asiamshike.

Kofia ya kinga hupunguza majeraha ya ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika. Isitoshe, yapo madhara yanayojitokeza baada ya miaka. Tangu 1928, daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza jinsi mabondia waliopigwa sana kichwani walivyopepesuka kama walevi na kupungukiwa na akili.

KALAMU INA NGUVU

Novemba 1982, bondia Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini mjini Las Vegas mbele ya kamera za televisheni. Aliangushwa katika raundi ya 14 na akafa siku nne baadaye. Kwa kuwa watu waliona na kusoma, kilio kilikuwa kikubwa. Baraza la WBC likapunguza mapambano yake ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kifo hicho kingefichwa, nani angeuliza?

Shida ni lugha tunayoitumia. Bondia anayepigana huku damu imemfunika macho huitwa simba. Yule aliyekatiziwa pambano huambiwa ameonewa. Kijana wa Mtongwe au Bombolulu akisoma hayo hujifunza kumficha kocha wake maumivu ya kichwa. Wahenga walisema, msifu mvua imemnyea. Wengi wetu tunaozisifu ngumi hazijatunyea.

Nawaomba wahariri mambo matatu. Kwanza, kila taarifa ya pambano itaje kama daktari na ambulensi walikuwapo. Pili, aliyeangushwa aulizwe hali siku ya pili, hata kama picha ni ya mshindi. Tatu, refa anayekatiza pambano na kocha anayerusha taulo wasifiwe kama kipa aliyeokoa penalti.

Kwetu bara jambo hili ni zito zaidi. Mgonjwa wa Likoni lazima avuke feri, au azunguke mbali, ndipo afike Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Wa Kisauni hutegemea daraja la Nyali, na wa Changamwe hupitia Makupa. Damu inayovilia kichwani haingoji foleni ya magari.

DALILI ZA HATARI

Mtu aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake kwa siku mbili. Mpelekeni hospitali mara moja mkiona lolote kati ya haya:

– Alipoteza fahamu, hata kwa sekunde chache.
– Kichwa kinazidi kumwuma.
– Anatapika zaidi ya mara moja.
– Anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha.
– Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine.
– Ulimi mzito, maneno ya kuchanganyikiwa, au udhaifu wa mkono au mguu.
– Degedege.

Msimpe aspirini, kwa sababu huzidisha kuvuja kwa damu. Asipewe pombe, wala asiendeshe bodaboda. Na asirudi mazoezini hadi daktari atakapompima na kumruhusu, hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba yu mzima.

Wazazi na makocha, kateni orodha hii muibandike ukutani pale vijana wanapofanyia mazoezi.