Moyo na Mwendo (3): Wanachuo wa Harvard

Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, hutukuta na mambo yale yale: mahema ya kupima sukari na presha yamejaa wazee, na wanachuo wanapita juu ya bodaboda bila hata kugeuza shingo. Basi leo tuwatazame wanafunzi, tuone kama ujana unaulinda moyo.

Harvard ilikuwa na desturi ya kuwapima vijana wake na kuhifadhi majalada yao. Daktari Ralph Paffenbarger akayafukua ya walioingia chuoni kati ya 1916 na 1950, wanaume watupu, maana ndivyo Harvard ilivyokuwa. Akawapelekea dodoso wakiwa watu wazima. Maswali yenyewe hata mtoto angeyajibu: unapanda ngazi ngapi kwa siku? Unatembea umbali gani? Unacheza mchezo gani, kwa muda gani?

Matokeo ya wanaume 16,936 yalichapishwa mwaka 1978. Waliotumia chini ya kalori 2,000 kwa wiki katika shughuli hizo walikuwa na hatari ya kupata shambulio la moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 64. Kalori hizo mtu huzimaliza kwa kutembea kikakamavu karibu saa moja kila siku. Lakini utamu uko hapa: nyota wa timu ya chuo aliyebweteka baada ya kuhitimu hakuambulia kinga yoyote, na yule ambaye hakuwahi kugusa mpira, akaja kujishughulisha ukubwani, aliipata. Medali za ujanani hazilindi moyo! Paffenbarger mwenyewe alianza kukimbia akiwa na miaka zaidi ya 40, akafika hadi mbio za maili 100 za Western States, California.

Na wetu? Jioni nje ya hosteli, mayai mawili yanavunjwa juu ya chipsi, chumvi inamwagwa bila kipimo, kachumbari kijiko kimoja kama pambo. Soda ya nusu lita ya kuteremshia ina sukari inayozidi gramu 50, yaani inamaliza posho ya siku nzima kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Kisha bodaboda hadi darasani, mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, likiisha ndipo wanatembea, tena kwa kununa. Wakuu wa vyuo nao wanaogeuza viwanja vya michezo kuwa maegesho ya magari wasijitie kushangaa.

Wiki ijayo: chumvi, na presha isiyopiga hodi.