Ufahamu wa Kiingereza katika Mitihani ya Sekondari ya China: Mazoezi Yanavyofanyika na Somo Tunalolipata

Utangulizi

Tarehe 7 na 8 Juni ni siku ambazo China nzima huzitazama kwa makini. Ndizo siku kuu za gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Mwaka 2024 watahiniwa waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, jumla ya alama ni 750, na masomo matatu yana uzito sawa wa alama 150 kila moja: Kichina, hisabati na lugha ya kigeni. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua Kiingereza, Kijapani, Kirusi, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, lakini walio wengi huchagua Kiingereza.

Pengine msomaji atauliza: jambo hili linaihusu nini idara ya Kiswahili? Linatuhusu kwa sababu mwanafunzi wa mji mdogo wa China hukutana na Kiingereza kitabuni na darasani, si sokoni wala nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wengi wa Kiswahili hapa Uganda. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila shule itakayofundisha itatahini, na kila mtihani utakuwa na ufahamu. Ni vema basi tuwaangalie wenzetu ambao wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, tuone lililowafaa na lililowapotezea muda.

Hoja yetu katika makala haya ni moja: zoezi la ufahamu halimfundishi mtu kusoma anapojibu maswali, bali anaporudi kwenye kifungu kutafuta sababu ya jibu lake.

1. Karatasi ya mtihani ilivyo

Mtihani wa Kiingereza huchukua dakika 120. Katika karatasi mpya za kitaifa zinazotumiwa na mikoa mingi, alama zimegawanywa hivi: kusikiliza alama 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30 na kuandika 40. Kwa hiyo sehemu ya kusoma ndiyo kubwa kuliko zote. Ina vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, pamoja na kifungu cha tano chenye mapengo matano ya kujazwa kwa sentensi. Kila jibu lina alama 2.5.

Vifungu vile vinne hupangwa kwa herufi A hadi D. Kifungu A kwa kawaida ni maandishi ya matumizi ya kila siku, kama vile tangazo la makumbusho, ratiba ya safari au maelezo ya kozi. B mara nyingi ni masimulizi, na C na D huwa maelezo au hoja kuhusu sayansi, mazingira na jamii. Vingi hutokana na magazeti, majarida na vitabu vya Kiingereza, kisha hurekebishwa ili msamiati wake usipite kiwango cha mtaala, ambao humtarajia mwanafunzi anayekwenda kufanya gaokao ajue karibu maneno 3,000.

Sehemu hii ina uzito wa pekee kwa mtoto wa kijijini. Kusikiliza kunataka vifaa na masikio yaliyozoea sauti za wageni, na kuandika kunataka mwalimu mwenye nafasi ya kusahihisha insha moja moja. Kusoma kunataka karatasi, kamusi na muda. Hapa ndipo mwanafunzi asiye na uwezo anapoweza kusimama karibu na mwenzake wa mjini, ikiwa amefundishwa namna ya kufanya mazoezi.

2. Aina nne za maswali

Walimu wa China huwafundisha wanafunzi wao kulitambua swali kabla ya kulijibu. Maswali huwekwa katika makundi manne: la taarifa bayana, la maana ya neno katika muktadha, la makisio, na la kiini cha habari. Ili tuelewane, tumetunga kifungu kifupi cha mfano kwa Kiswahili:

"Fundi mmoja wa baiskeli alipostaafu, aligeuza karakana yake kuwa chumba cha vitabu. Miezi ya mwanzo vitabu vilikusanya vumbi. Watoto walipita, wakachungulia, wakaenda zao. Siku moja mnyororo wa baiskeli ya mtoto ulikatika mlangoni pake. Fundi aliutengeneza bila kudai hata senti, akasema tu: 'Kabla sijamaliza, uwe umesoma kurasa mbili.' Wiki iliyofuata zililetwa baiskeli tisa, na karibu zote zilikuwa nzima."

Swali la taarifa bayana: Fundi alimtaka mtoto afanye nini? Jibu limo katika mstari mmoja: asome kurasa mbili. Mtego wake ni chaguo linalosema "alipe senti chache". Neno "senti" limo kifunguni, lakini limekanushwa. Mtahini hupenda kuyarudia maneno ya kifungu katika jibu la uongo, na kulivika jibu la kweli maneno mapya. Mwanafunzi anayeokota maneno yanayofanana bila kusoma sentensi nzima hunaswa papo hapo.

Swali la maana ya neno: "Nzima" hapa lina maana gani? Kamusi itampa mwanafunzi maana zaidi ya moja: kitu kizima ni kile kisichogawanywa, na pia ni kile kisicho na hitilafu. Muktadha wa karakana ndio unaoamua. Swali la aina hii halipimi kama mtu analijua neno, bali kama anaweza kulipambanua kwa msaada wa maneno ya jirani.

Swali la makisio: Kwa nini watoto walileta baiskeli ambazo hazikuharibika? Hakuna mstari unaotaja sababu. Hata hivyo, mistari miwili ikiwekwa pamoja, ule wa kurasa mbili na ule wa baiskeli nzima, jibu linajitokeza: walitafuta kisingizio cha kuingia na kusoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama si kubuni. Chaguo linalosema "fundi huyo alikuwa hodari kuliko wote mjini" laweza kuwa kweli katika maisha, ila kifungu hakikulisema wala hakikulidokeza.

Swali la kiini: Kipi ni kichwa kinachofaa? "Ufundi wa Baiskeli" ni chembamba mno, kwa kuwa kinaacha vitabu. "Umuhimu wa Elimu Duniani" ni kipana mno na kingefaa vifungu elfu. "Ada ya Kurasa Mbili" kinalingana na habari yenyewe. Mwanafunzi afundishwe kuuliza: kichwa hiki kinaacha nini nje, na kinaongeza nini kisichokuwemo?

3. Kusugua maswali na daftari la makosa

Mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu nchini China kwa kawaida ni mwaka wa marudio na mitihani ya majaribio. Wanafunzi wana neno lao, shuati, ambalo kwa tafsiri sisisi ni "kusugua maswali": kufanya zoezi baada ya zoezi bila kupumzika. Vitabu vya mazoezi ni vinene. Kimojawapo kinajulikana nchini kote kwa jina la Wusan, yaani "tano-tatu", kwa sababu kimejengwa juu ya mitihani ya gaokao ya miaka mitano na majaribio ya miaka mitatu.

Kusugua maswali kuna faida yake. Kunamzoesha mtahiniwa kasi, kwa maana baada ya dakika 20 hivi za kusikiliza hubaki kama dakika 100 tu za kusoma vifungu, kujaza mapengo na kuandika maandishi mawili. Lakini kuna hasara pia. Mwanafunzi anayefanya vifungu vinne, akalinganisha herufi zake na majibu ya nyuma ya kitabu, akahesabu alama na kufungua ukurasa mwingine, amejipima tu, hajajifunza. Kesho atakosea palepale.

Dawa wanayoitumia walimu makini ni daftari la makosa, ambalo Wachina huliita cuotiben. Swali lililokosewa hunakiliwa au hukatwa na kubandikwa humo. Kwa upande wa ufahamu, maelezo yanayofaa kuandikwa ni haya manne: mstari wa kifungu unaothibitisha jibu sahihi, sababu iliyomfanya achague jibu la uongo, aina ya swali, na neno au muundo wa sentensi uliomkwaza. Baada ya majuma kadhaa, daftari humweleza mwenyewe habari zake. Huyu hukosa makisio, yule hukosa kwa sababu ya viunganishi, mwingine anajua yote ila husoma swali nusunusu. Kila mmoja anahitaji dawa yake, na mazoezi ya jumla hayawezi kuwapa.

4. Sentensi ndefu

Ugumu mwingine wa mwanafunzi wa Kichina ni muundo. Katika Kichina, maelezo yote ya nomino hutangulia nomino yenyewe, kana kwamba tungesema "rafiki-yangu-jana-aliyonunua baiskeli". Kiingereza hukiweka kishazi rejeshi baada ya nomino, na sentensi moja ya kifungu D inaweza kubeba vishazi vitatu. Ndiyo maana walimu huwafundisha kuchanganua: tafuta kwanza kitenzi kikuu, kisha kiima chake, halafu zungushia vishazi vingine mabano na uvisome kimoja kimoja.

Mwanafunzi wetu ambaye lugha yake ya kwanza ni ya Kibantu hana shida hiyo, maana lugha yake na Kiswahili huweka maelezo baada ya nomino. Shida yake iko kwingine: katika maneno yanayofanana kwa sura na yale ya lugha yake, lakini maana zimeachana. Mwalimu asiige dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

5. Mapengo matano, sentensi saba

Kifungu cha tano ndicho kilichotuvutia zaidi. Mtahiniwa hupewa habari yenye mapengo matano na orodha ya sentensi saba. Mbili ni za kupotosha. Zoezi hili hupima mshikamano wa matini. Katika Kiingereza msomaji hufuata viwakilishi na viunganishi. Katika Kiswahili tunayo njia iliyo wazi zaidi, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Tazama mfano huu:

"Kijiji chetu kilichimba kisima kipya karibu na mto wa zamani. ______ Kwa hiyo, hata wakati wa kiangazi hakuna anayelala na kiu."

Machaguo: (a) Huo ulikauka miaka mitatu iliyopita. (b) Hicho kina maji mwaka mzima. (c) Hao walihama mwaka jana.

Chaguo (c) linaanguka mara moja, kwani hakuna nomino ya watu iliyotangulia. Chaguo (a) linapatana na "mto", ila "kwa hiyo" inalikataa: mto kukauka hakuwezi kuwa sababu ya watu kutolala na kiu. Linabaki (b). Katika zoezi dogo kama hili mwanafunzi amefanya sarufi na ufahamu kwa pamoja, na ameona kwamba ngeli si orodha ya kukariri bali ni uzi unaoshona habari.

6. Tuchukue nini, tuache nini

Tuchukue kanuni ya ushahidi: jibu lisilo na mstari halijakamilika. Mwalimu akiuliza, mwanafunzi ataje jibu na aonyeshe mahali. Tuchukue daftari la makosa, ambalo halina gharama. Tuchukue pia mazoea ya kujadili majibu ya uongo, kwa sababu kueleza kwa nini (a) si sahihi hufundisha zaidi kuliko kutangaza kwamba (b) ndilo.

Tuache kusugua maswali kama njia pekee. Hata watunga mtihani wa China wameliona hilo. Katika karatasi mpya, alama 25 za sehemu ya kuandika hutolewa kwa kazi ya kuendeleza hadithi: mtahiniwa husoma kisa kisichokamilika, akapewa mwanzo wa aya mbili, akakimalizia kwa takribani maneno 150. Hapo hakuna herufi ya kubahatisha. Asiyewaelewa wahusika hawezi kuwaendeleza, na aliyezoea kuwinda majibu tu hujikuta hana la kusema.

Hitimisho

Tunawashauri walimu waanze kwa kiasi: kifungu kimoja kwa juma, maswali manne ya aina nne, na nusu ya kipindi itengwe kwa kurudi kifunguni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao wanaweza kutunga maswali na machaguo ya uongo wao kwa wao, kwani atakayejaribu kutega mtego atajifunza kuuona. Kifungu kimoja kilichosomwa mara tatu kwa sababu tatu kina faida kuliko vifungu kumi vilivyopitiwa mara moja na kusahauliwa.