Hasira Inayocheuliwa

Hasira ni hisia ya kawaida ya binadamu, na Kiswahili kimeipa majina kadhaa kwa sababu wazungumzaji wake walitambua tangu zamani kwamba haina sura moja: hamaki hulipuka ghafla na kumfanya mtu atamke asilolikusudia, ghadhabu ni hasira kali iliyokwisha kumtawala mwenyewe, na kinyongo ni ile iliyopoa kwa nje lakini ikabaki moyoni kama kaa lililofunikwa na jivu. Hamaki hupita baada ya muda mfupi, ilhali kinyongo huweza kudumu miaka, na kinachoigeuza ya kwanza kuwa ya pili ni tendo la akili linaloweza kuitwa kucheua mawazo. Kama ng'ombe anavyorudisha kinywani nyasi alizokwisha kumeza ili azitafune upya, ndivyo mtu aliyeudhiwa anavyolirudia neno aliloambiwa, akaongeza jibu ambalo angelitoa, na kila anaporudia mwili wake huchemka kana kwamba neno hilo limetamkwa sasa hivi.

Kuchemka huko si lugha ya picha tu. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, na misuli hukaza. Ndani ya ubongo, amigdala, yaani kiungo kidogo kinachoshughulika na hatari na hisia kali, hupiga kengele kabla sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya matendo, haijapata nafasi ya kufikiri.

Watu wengi huamini kwamba dawa ya hali hiyo ni kutoa donge, yaani kupiga kelele, kubamiza mlango au kumtukana aliyekosea mpaka moyo upoe. Imani hii imeenea mno, na kwa bahati mbaya haina msingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mtafiti Brad Bushman aliwachunguza wanafunzi 600 wa chuo kikuu nchini Marekani waliokuwa wameudhiwa makusudi kwa kukosolewa vikali, na ikaonekana kwamba waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi kuliko wenzao waliokaa kimya kwa dakika chache bila kufanya lolote. Mwaka 2024 mtafiti huyo na Sophie Kjærvik walichapisha uchambuzi wa tafiti 154 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, wakabaini kwamba hasira hupunguzwa na mambo yanayotuliza mwili, kama vile kupumua polepole, kutafakari na kulegeza misuli, ilhali kukimbia, pamoja na faida zake zote kwa afya, hakukuonekana kuipunguza. Waislamu wa mwambao watauona ukweli huo kuwa jambo la karibu, kwa kuwa mafundisho ya dini yao humwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama akae, asipotulia alale, na pia atawadhe.

Mbinu za utulivu zinazotajwa sana leo hukusanywa chini ya jina la uzingativu, ambao ni kuelekeza fikra kwa makusudi katika jambo linalotokea sasa, bila kulihukumu. Asili yake ni mafundisho ya Kibuddha, lakini Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliingiza mazoezi hayo katika tiba mwaka 1979, alipoanzisha kwenye hospitali ya chuo kikuu mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, programu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo.

Namna mazoezi hayo yanavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika jambo dogo. Mfanyabiashara aliyemkopesha jamaa yake mtaji, akasikia usiku kwamba mdaiwa amenunua pikipiki, hushika simu na kuanza kuandika ujumbe wa matusi. Akiwa amejizoeza uzingativu, huiweka simu kifudifudi mezani na kuuchunguza mwili wake: meno yameumana, mabega yamepanda, masikio yana moto. Huvuta pumzi kupitia puani, kisha huishusha taratibu kwa muda mrefu kuliko alioutumia kuivuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi wakati wa kutoa pumzi. Baada ya hapo huipa hisia jina lake halisi, pengine akatambua kwamba kinachomuuma zaidi ya fedha ni kudharauliwa. Mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kuitaja hisia kwa neno hupunguza shughuli za amigdala. Kiswahili chenyewe humsaidia hapa, kwani hasira humpanda mtu, humshika, kisha hushuka; ni kitu kinachokuja na kuondoka, wala si mtu mwenyewe.

Ujumbe wa matusi hautumwi, lakini kazi haijaisha, kwa kuwa pikipiki itarudi akilini saa nane za usiku. Inaporudi, mtu hatakiwi kubishana na wazo hilo wala kulifukuza. Anatakiwa kutambua kwamba kucheua kumeanza tena, kisha airudie pumzi, hata ikibidi mara ishirini. Huku si kumeza hasira: kumeza ni kukataa kuitazama, na huku ni kuitazama bila kuilisha. Deni bado lipo, na asubuhi mdai anaweza kulifuata mbele ya shahidi kwa sauti isiyotetemeka.

Utulivu, basi, haufuti haki ya mtu; kwa hiyo ni kosa kubwa kumfundisha mke anayepigwa nyumbani kwamba ashushe pumzi na kusahau. Hasira yake ina haki, na anachohitaji kwanza ni usalama, ambao nchini Tanzania anaweza kuanza kuutafuta kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Anayepaswa kujifunza uzingativu ni yule anayeinua mkono, naye aanze leo.