Somo la Leo: Mivukuto ya Ndege Ndogo

Leo twazungumza juu ya ndege ndogo, kama zile zinazotua Mwadui na Geita.

Injini hula petroli na hewa. Sisi huku tuko juu: Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi. Ndege ikipanda, hewa huzidi kuwa nyepesi, na nguvu hupungua. Dawa yake ni tabo. Mwawakumbuka Warongo, wafua chuma wa Geita? Walivukuta ili moto upate hewa nyingi. Tabo nayo ni mivukuto, ila haivukutwi na mtu: moshi wa injini ukitoka huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini.

Basi rubani anayejifunza hufundishwa kwanza mkono mwepesi. Akitaka kuruka, husukuma mkono wa nguvu polepole huku akitazama kipimo. Mshale usipite mstari mwekundu. Hewa ikizidi, injini huharibika.

Akishatua, asizime upesi. Gurudumu lile huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, nalo ni la moto mno. Oili ndiyo inayolipoza. Injini ikizimwa, oili husimama, huungua, hugeuka masizi magumu. Siku nyingine gurudumu hukwama angani, na ndege hupungukiwa nguvu juu ya ziwa. Kwa hiyo mkimwona rubani amekaa, injini ikinguruma taratibu, na abiria wananung'unika (nami nimewahi kununung'unika), mwacheni. Anaipoza.