Kitabu ni kile kile, waliogeuka ni wasomaji

Mwezi wa Julai 2012 kitabu kimoja kiliwagawa Wakenya mafungu mawili. Mwandishi wake, Bwana Miguna Miguna, ni wakili na mwandishi wa makala za siasa magazetini, aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Raila Odinga, mpaka alipoachishwa kazi kwa muda Agosti 2011. Kitabu alikiita Peeling Back the Mask, maana yake ni kubandua kinyago usoni. Na uso alioukusudia ni wa bwana wake wa zamani.

Kilizinduliwa Nairobi tarehe 14 Julai, na gazeti la Daily Nation likatoa sehemu zake moja baada ya moja. Huko Nyando, alikozaliwa mwandishi, vijana walibeba jeneza la mzaha wakamfanyia maziko mtu aliye hai. Mjini Mombasa vijana wenye hasira walivuruga shughuli yake, ikambidi auhame mji kwa haraka. Lakini ukipanda bara mpaka Eldoret, kitabu hicho hicho kilikuwa na kila sababu ya kupokewa vingine. Mwenye kutaka kufahamu kwa nini karatasi zile zile ziwe asali hapa na shubiri pale, basi Eldoret ndiko pa kwenda kujifunza.

HESABU YA ELDORET

Eldoret ni mji ambao wazee wa huko huuita Sisibo, kwa kuwa ulianza katika shamba la walowezi lililokuwa nambari 64. Ni mji wa mahindi, wa wakimbiaji mashuhuri na wa Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa 1984, na tangu Agosti 2024 umepewa hadhi ya jiji. Wamo Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wasomali na watu wengi wa pwani waliofuata kazi na biashara.

Katika uchaguzi wa Desemba 2007 Eldoret na Mombasa zilipanda chombo kimoja. Miongoni mwa viongozi wakuu wa ODM, lile kundi lililoitwa Pentagon, alikuwamo William Ruto wa Sugoi, karibu na Eldoret, na alikuwamo Najib Balala wa Mombasa. Nahodha alikuwa Raila.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Matokeo yalipotangazwa nchi iliwaka. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, watu waliokimbilia kanisani kutafuta usalama waliteketezwa ndani, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kwa hiyo mtu wa Eldoret anaposoma habari za uchaguzi ule hasomi hadithi. Anasoma habari za jirani yake, na pengine za nyumba yake mwenyewe.

Baada ya hapo urafiki wa Ruto na Raila ulianza kuchacha. Kulikuwa na kufukuzwa kwa watu katika msitu wa Mau. Kisha Februari 2010 Raila akatangaza kumsimamisha Ruto, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, kwa sababu ya kashfa ya mahindi, na Rais Kibaki akaitangua amri hiyo. Tarehe 23 Januari 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamua kwamba Ruto na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang wana kesi ya kujibu. Wengi wa Bonde la Ufa waliamini kwamba walimpigania mtu, kisha mtu huyo akawaacha mkononi mwa mahakama.

Hapo ndipo kitabu cha Miguna kilipotokea. Shahidi ametoka ndani ya nyumba ya Raila, naye asema mambo mazito: kwamba ofisini mlikuwa na ufisadi, upendeleo wa jamaa, na kiongozi asiyekuwa na msimamo. Kwa aliyekwisha kuamini kwamba alisalitiwa, maneno hayo yalikuwa kama dawa kwenye kidonda. Wahenga wamesema kipendacho moyo ni dawa. Walakini dawa ya namna hiyo mtu huimeza bila ya kuuliza imetengenezwa na nini.

WALIOGOMBANA NA WALIOSOMA

Kitabu chenyewe ni kinene na kimeandikwa Kiingereza kizito cha kiwakili. Si kitabu cha kusomwa ukingojea matatu. Aghalabu watu walikutana nacho vipande vipande, katika gazeti au katika mazungumzo ya redio, na vipande hivyo vilichaguliwa kwa ukali wake.

Yaliyoachwa ni mengi. Humo mna habari za mtoto aliyezaliwa baba yake amekwisha kufariki, akalelewa na mama katika kijiji cha Magina. Mna habari za kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekamatwa 1987, akatoroka nchi kwa kupitia Tanzania, akaishia Canada na kusomea sheria. Hata anayemchukia mwandishi angeweza kuzisoma kurasa hizo akajifunza jambo juu ya Kenya ya miaka ile. Lakini katika mabishano hazikutajwa, maana haziwezi kumpiga mtu wala kumkinga.

Hata hivyo, palikuwa na waliojibu kwa kalamu. Bibi Sarah Elderkin, mwandishi aliyefanya kazi na Raila kwa miaka mingi, aliandika makala ndefu magazetini kuyapinga maelezo ya Miguna hoja kwa hoja. Ukimwamini au usimwamini, huyo alimtendea mwandishi haki yake, kwani alimsoma kwanza. Aliyebeba jeneza hakujibu hata ukurasa mmoja.

Sisi Waislamu wa pwani tunalo somo letu wenyewe katika jambo hili. Mwezi wa Agosti 2007 Raila alitia saini mkataba wa maelewano na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF, uliohusu zaidi haki za Waislamu waliokuwa wakikamatwa na kupelekwa nchi za nje kwa jina la vita dhidi ya ugaidi. Kabla mkataba wenyewe haujaonekana, ilienea karatasi ya kughushi iliyodai kwamba nchi itatawaliwa kwa sharia. Makanisa yalishtuka, wanasiasa wakaipepea karatasi hiyo mikutanoni, na tulilaumiwa kwa maneno ambayo hayakuandikwa. Tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia. Basi aliyeonja uchungu wa kuhukumiwa kwa karatasi isiyosomwa, haimpendezi kumhukumu mwingine vivyo hivyo. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuichukua, na amri hiyo haikuwatoa wanasiasa wala waandishi wa vitabu.

GURUDUMU LAZUNGUKA

Sasa tazama yaliyofuata, msomaji, maana hapo ndipo pana ajabu. Katika uchaguzi wa Machi 2013 Wakalenjin walio wengi walimfuata Ruto na Uhuru Kenyatta, na pwani ikabaki na Raila. Kitabu cha Miguna kikawa cha upande mmoja kabisa.

Ikaja 30 Januari 2018. Katika uwanja wa Uhuru Park, Nairobi, Raila aliapa kuwa "rais wa wananchi", na aliyekuwa kando yake akisimamia kiapo hicho alikuwa Miguna yule yule! Siku chache baadaye alikamatwa, na tarehe 6 Februari akasafirishwa kwa nguvu hadi Canada. Aliporudi mwezi wa Machi alizuiwa uwanja wa ndege akapelekwa Dubai, ingawa mahakama zilikuwa zimeamuru vingine. Wafuasi wa ODM, ambao 2012 walimwita msaliti, sasa walimlilia kama shujaa. Na serikali iliyomfukuza ilikuwa ile ambayo Naibu wa Rais wake ni mtoto wa Sugoi.

Haukupita muda. Tarehe 9 Machi 2018 Raila na Uhuru walipeana mikono, na Miguna akarudia kumshambulia Raila. Uchaguzi wa 2022 ulimpa Ruto urais, na Miguna akarejea nyumbani tarehe 20 Oktoba mwaka huo, mlango ukiwa umefunguliwa na Rais mpya. Baadaye akageuka kuwa mkosoaji mkali wa Rais huyo huyo. Na 2024 watu wa Raila wakaingia katika baraza la mawaziri la Ruto, akiwamo Hassan Joho wa Mombasa. Machi 2025 wakuu hao wawili wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Eldoret na Mombasa zikarudi katika chombo kimoja, kama 2007.

Katika mzunguko wote huo hakuna neno hata moja lililobadilika katika kurasa zilizochapwa 2012. Tuhuma zilizokuwamo, kama zilikuwa kweli, zilibaki kweli hata pale mwandishi aliposimama na Raila jukwaani. Kama zilikuwa uongo, zilikuwa uongo hata zilipoufurahisha moyo wa mtu wa Eldoret. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kila upande uliusifu mkuki huo ulipokuwa umeelekezwa kwingine.

SHAIRI HUJIBIWA KWA SHAIRI

Pwani yetu ina desturi yake katika magomvi ya maneno. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi katika zama za vita baina ya Wamazrui na Seyyid Said wa Unguja, na tungo zake zilikuwa silaha. Lakini shairi lilijibiwa kwa shairi. Aliyeshindwa kujibu alijulikana kuwa ameshindwa, na wazee hawakuhitaji kuambiwa zaidi.

Tunajua pia yanayotokea desturi hiyo ikivunjwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka 3 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa alichokiandika 1968, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani, Sauti ya Dhiki, yakashinda 1974 tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hapo pia wino ulikuwa wa mtu yule yule. Kilichobadilika ni jicho la kuutazama.

Raila Odinga alifariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025. Hawezi tena kujibu, na Elderkin wa kesho atakuwa ni msomaji mwenyewe, wa Kisumu, wa Mombasa na wa Eldoret. Kwa hiyo amana imezidi uzito. Anayekitaka kitabu kile leo na akisome tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na ule utoto wa Magina na ule mwaka wa 1987, kisha ayasome na majibu ya waliokipinga. Akimaliza na ajiulize swali moja: kama maneno haya yangeandikwa juu ya kiongozi wangu mimi, ningeyapima kwa mizani hii hii? Mwenye kujibu ndiyo, huyo amesoma. Asiyeweza, amepiga kura tu mara ya pili.