Mtangazaji wa Mpira Akifukuzwa, Barua Imesema Nini?

Sheria ya kazi ya Kongo (DRC) ya 2002 inakubali sababu za aina tatu za kumfukuza mtangazaji wa mpira: uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa redio. Kutukana hewani ni mwenendo. Vilevile kupokea bahasha ya klabu baada ya mechi ili kipigo kielezwe kuwa bahati mbaya. Redio kupunguza vipindi kwa kukosa pesa ni uendeshaji.

Hata hivyo, kuanzia Mavivi hadi Butembo, mashariki mwa Kongo, sauti moja ikipotea redioni swali ni lile lile: nani yuko nyuma yake? Hutajwa rais wa klabu, mwanasiasa, mpwa wa patroni, hata uchawi. Huenda hila ipo kweli. Mwaka 2011 runinga ya Sky ya Uingereza ilimfukuza mchambuzi wake wa mpira, Andy Gray, kwa kudhalilisha wanawake, huku akilishitaki gazeti la News of the World kwa kudukua simu yake. Gazeti hilo lilikuwa la kampuni ya Rupert Murdoch, iliyokuwa na hisa kubwa Sky. Minong'ono ya kisasi ilizagaa, lakini maneno ya Gray yalikuwa yamerekodiwa. Hila haifuti kosa lililothibitika.

Imani kwamba aliyefukuzwa lazima athibitishe hila ni upuuzi mtupu. Humpotezea mtu miezi akisaka mashahidi wa kikao cha usiku ambacho hakuna atakayekikiri. Sheria haimdai hivyo. Mwajiri ndiye anayepaswa kuandika barua, kutaja sababu na kuithibitisha. «Sababu za ndani» si sababu. Maoni ya kisiasa, uanachama wa chama cha wafanyakazi au kumlalamikia mwajiri pia si sababu halali. Hata kosa zito lina muda wake: mwajiri asipoarifu kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alijue, hawezi kulifufua msimu ujao ili amtimue mtu bila notisi.

Kukosa kontra ya maandishi nako si mwisho: kwa anayelipwa, sheria huchukulia kuwa kontra haina kikomo.

Hatua ni hizi: kudai barua, kutunza ushahidi wa malipo na rekodi za vipindi, kudai notisi ya siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwenda kwa inspekta wa kazi, kwani mahakama haipokei kesi isiyopita kwenye upatanisho, kisha mahakama, inayoweza kuamuru arudishwe au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Kumtukana patroni Facebook hakumo. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1, mengine mengi baada ya miaka 3.