Kisukari cha mimba: Ukiambiwa 'sukari yako iko juu', ufanye nini?

Mjamzito anaenda kliniki akijisikia vizuri tu. Hana kiu ya ajabu, hajapungua uzito, mtoto anacheza tumboni. Halafu anaambiwa ana kisukari cha mimba. Akifika nyumbani, mara nyingi anaishia kufanya moja kati ya mambo mawili: anapuuza kwa sababu haumwi, au anaogopa mpaka anaacha kula.

Yote mawili ni hatari. Habari njema ni kwamba wanawake wengi wanaoambiwa hivyo hujifungua salama na kupata watoto wenye afya, na wengi hawahitaji hata dawa. Kinachohitajika ni kujua nini kinaendelea mwilini na nini cha kufanya katika wiki zilizobaki.

Na sio tatizo la wachache. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) ya mwaka 2021, karibu mtoto 1 kati ya 6 wanaozaliwa duniani hutoka kwenye mimba ambayo sukari ya mama ilikuwa juu. Mwigizaji Salma Hayek ni mmoja wa waliosema hadharani kwamba walipata hali hii. Alikuwa na mimba ya binti yake aliyezaliwa mwaka 2007.

Inatoka wapi?

Swali la kwanza la wengi ni: "Mbona mimi situmii sukari nyingi?" Chanzo kikubwa sio sukari ya kwenye chai. Ni kondo la nyuma.

Kondo hutoa homoni zinazosaidia mimba kukua, lakini homoni hizohizo huuzuia mwili wa mama kutumia vizuri insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Kongosho hujitahidi kutengeneza insulini zaidi. Kwa wengi inatosha, kwa wengine haitoshi, na hapo sukari inabaki kwenye damu.

Uwezekano ni mkubwa zaidi ukiwa na uzito mkubwa, ndugu wa karibu mwenye kisukari, umri unaoelekea miaka 35 na zaidi, au kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi. Lakini hata mwembamba asiye na historia yoyote anaweza kuipata. Kwa hiyo kujilaumu, au kulaumiwa na mume na wakwe, hakuna msingi.

Majibu yanasomwaje?

Kipimo kinachotegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Unalala bila kula, asubuhi unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha damu inapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2013, una kisukari cha mimba ukipata hata jibu moja kati ya haya:

• Kabla ya kula: 5.1 hadi 6.9
• Saa 1 baada ya glukosi: 10.0 au zaidi
• Saa 2 baada ya glukosi: 8.5 hadi 11.0

Ukipata 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa 2, hicho ni kisukari kamili, na huenda ulikuwa nacho hata kabla ya mimba. Daktari atakifuatilia kwa karibu zaidi.

Kumbuka pia: kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi. Mkojo unaweza kuwa safi huku sukari ya kwenye damu iko juu.

Mtoto anaathirikaje?

Sukari ya mama inavuka kondo na kumfikia mtoto, ila insulini ya mama haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na hiyo humfanya anenepe kupita kiasi. Mtoto mkubwa sana anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, au mama akahitaji upasuaji.

Akishakatwa kitovu, sukari ya mama inakoma ghafla lakini insulini yake bado ipo juu. Ndiyo maana sukari ya mtoto inaweza kushuka sana saa za kwanza. Kumnyonyesha ndani ya saa 1 na kumpima sukari husaidia. Hii pia ndiyo sababu ya kupanga kujifungulia hospitali, sio nyumbani.

Kwa mama mwenyewe, hatari ya presha ya mimba huongezeka. Ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe, uso ukivimba au mtoto akipunguza kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usiache kula, panga sahani

Kujinyima kunamnyima na mtoto. Kinachobadilika ni kiasi na mpangilio.

Gawa sahani hivi: nusu mboga kama mchicha, kisamvu, matembele au kabichi, robo samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali usizidi ngumi yako.

Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe kwa sababu una nyuzinyuzi, lakini ukila bonge kubwa sukari itapanda tu. Asali na sukari guru nazo ni sukari, zisikudanganye. Tunda lile zima, moja kwa wakati mmoja, badala ya juisi. Soda weka pembeni kabisa.

Mlo mgumu zaidi kwa wengi ni wa asubuhi, kwa sababu muda huo homoni hufanya insulini ishindwe zaidi. Chai ya sukari na maandazi mawili ndiyo kifungua kinywa kibaya kuliko vyote kwa hali hii. Yai, karanga au maharage na kipande kidogo cha kiazi kitamu, pamoja na chai isiyo na sukari, vitakufaa zaidi.

Kula milo mitatu ya wastani na vitafunwa vidogo katikati, usikae na njaa muda mrefu kisha ukala kwa mkupuo. Ukimaliza kula, tembea dakika 10 hadi 15, isipokuwa kama daktari amekuambia upumzike.

Kwa wanaotaka kufunga Ramadhani, ongea na daktari kwanza. Dini yenyewe imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga anapohofia afya yake au ya mtoto.

Kujipima, na sindano

Malengo yanayotumika sana ni chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa, chini ya 7.8 saa 1 baada ya kula, au chini ya 6.7 baada ya saa 2. Andika majibu kwenye daftari na chakula ulichokula. Baada ya wiki moja utaona mwenyewe chakula gani kinakupandishia.

Stripu za kupimia zina gharama. Kama huwezi kupima mara nne kwa siku, mwambie mhudumu ukweli ili akupangie vipimo vichache vyenye maana zaidi, badala ya kuacha kabisa.

Chakula na kutembea visipotosha, daktari ataongeza metformini au insulini. Hiyo haimaanishi umeshindwa. Homoni za kondo huongezeka kadiri mimba inavyokua. Na sio kweli kwamba ukianza insulini huachi tena: kwa kawaida huachwa baada ya kujifungua. Ukiitumia, kuwa na kitu kitamu karibu. Ukitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka.

Dawa za kienyeji zisichukue nafasi ya matibabu haya.

Kipimo ambacho wengi hukisahau

Kondo likitoka, sukari kwa kawaida hurudi sawa. Hapo wengi huona yameisha. Bado.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara 10 zaidi ya kupata kisukari cha aina ya 2 baadaye, akilinganishwa na ambaye hakuwahi. Hatari hiyo inaweza kupunguzwa, ila lazima ujue umesimama wapi.

Unatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na 12 baada ya kujifungua. Njia rahisi ya kukumbuka ni kadi ya mtoto: anachanjwa akiwa na wiki 6 na wiki 10. Siku hiyo, omba na wewe upangiwe kipimo chako.

Majibu yakiwa mazuri, endelea kupima kila mwaka, nyonyesha, na rudisha uzito taratibu. Ukipata mimba nyingine, sema mapema siku ya kwanza ya kliniki kwamba uliwahi kuwa na kisukari cha mimba. Usisubiri wiki ya 24.